Ukuta ulioliwa na shamba: shajara ya mradi wa Polmaddy

Machi

Mradi wenyewe ni kuijenga upya, kwenye kompyuta, nyumba moja ya wakulima wa Polmaddy, kitongoji kilichohamwa huko Galloway, kusini-magharibi ya Uskoti. Kinachoonekana leo ni misingi ya mawe iliyoota nyasi, mingine haifiki hata goti. Zamani palikuwa na nyumba kadhaa, kinu kilichozungushwa na maji ya kijito, nyumba ya wageni iliyoitwa Netherward, matanuri ya kukaushia nafaka, na njia ya farasi wa mizigo iliyopita papo hapo. Wenyeji wa mwisho waliondoka mwanzoni mwa karne ya 19. Sasa pamezungukwa na msitu unaosimamiwa na Forestry and Land Scotland, na mabaki yamo katika orodha ya kumbukumbu za kale zinazolindwa na sheria.

Nimechagua huku vilimani kwa sababu rahisi. Katika sehemu tambarare za Nyanda za Chini, yaani kusini na mashariki ya Uskoti, vitongoji kama hiki vilikuwa vingi mno, lakini waliokuja baadaye walilima juu yake, karne baada ya karne, hadi pakawa shamba safi. Kilichosalia kimesalia pembezoni, mahali ambapo plau haikuwa na sababu ya kupanda.

Kilichonisukuma ni michoro ninayoiona kila mara: nyumba za vitongoji hivi zikionyeshwa na kuta za mawe kutoka chini hadi kwenye paa, kana kwamba kilichobaki ardhini ni kipande cha chini cha ukuta mrefu ulioanguka. Siamini kwamba kwa nyumba nyingi ilikuwa hivyo. Nadhani yale mawe ndiyo yote yaliyokuwepo, na ukuta wenyewe ulikuwa kitu kingine. Mfano wangu utasimama au kuanguka kwa hoja hiyo.

Aprili

Kazi ya ramani, usiku, baada ya zamu. Maktaba ya Taifa ya Uskoti imeweka ramani zake mtandaoni bure, na unaweza kuilaza ramani ya kale juu ya picha ya setilaiti ukaona kipi kimebaki. Nimezipanga kwa miaka: atlasi ya Blaeu ya 1654, iliyochapishwa Amsterdam kwa kutegemea sana michoro ya Timothy Pont wa mwishoni mwa karne ya 16, ramani ya kijeshi ya William Roy, ramani ya John Ainslie ya 1797, kisha karatasi za kwanza za Ordnance Survey, shirika la serikali la kupima ramani, za katikati ya karne ya 19.

Ya Roy ndiyo inayopendwa zaidi, maana ina rangi na inavutia macho. Inafaa kuisoma kwa tahadhari. Ilianzishwa baada ya vita vya Culloden vya 1746, ambapo jeshi la serikali liliwashinda waasi wa Uskoti, jeshi hilo likitaka kujua njia, vivuko na mabonde, na upande wa kusini wa nchi ulipimwa kati ya 1752 na 1755. Vitongoji ni vidoti vyekundu, mashamba ni mistari iliyochorwa kwa mkono mwepesi. Anayehesabu vidoti ili ajue idadi ya nyumba anajidanganya. Roy mwenyewe alikiri kwamba kazi ile ilikuwa mchoro wa kijeshi kuliko ramani kamili.

Ordnance Survey ni habari nyingine. Wapimaji wao walitofautisha jengo lenye paa na lile lisilo na paa: la kwanza hutiwa kivuli, la pili huachwa kama mzingo mtupu. Kwa mtu anayefuatilia kuhama, alama hiyo ndogo ina thamani kubwa. Paa ndilo roho ya nyumba hizi, kama nitakavyoeleza mwezi wa Juni, na likishaondolewa hakuna anayerudi.

Mei

Tumefika uwanjani. Nasema tumefika kwa sababu nimempata mwenza: seremala wa Tanga ambaye siku hizi anafanya kazi za ujenzi Glasgow. Amenizidi umri, namwita Fundi, naye ananiita mdogo wangu hata mbele ya wageni. Historia haimshughulishi sana. Alikuja kwa sababu nilimwonyesha picha ya paa moja la kale akasema fundi aliyelijenga hakuwa mchezo.

Kuhusu sheria, niseme mara moja kwa wanaotaka kufanya kazi kama hii. Kutembea hakuna tatizo. Sheria ya ardhi ya Uskoti ya 2003 inampa kila mtu haki ya kupita mashambani na misituni akiwa na adabu. Lakini sehemu iliyoorodheshwa inalindwa na sheria ya kumbukumbu za kale ya 1979. Kuchimba ni marufuku bila idhini ya Historic Environment Scotland, taasisi ya serikali inayolinda mambo ya kale. Kipima-metali nacho kinahitaji idhini, na aliyekitumia bila idhini ametenda kosa. Ukikuta kitu cha kale kimejilaza juu ya ardhi popote Uskoti, si chako. Ni mali ya Taji, yaani dola, na kinapaswa kuripotiwa. Sisi hatukupigilia hata kigingi. Kamba za kupimia tulizibana kwa vifuko vya mchanga tulivyobeba wenyewe, na vipimo virefu tulichukua kwa kifaa cha leza. Baada ya hapo ni picha, nyingi sana, kila moja ikipishana na mwenzake, ili programu iweze kuziunganisha kuwa umbo.

Nyumba tuliyoichagua ni ya kawaida kabisa. Upana wake wa ndani uko katika kiwango kinachojulikana cha nyumba za aina hii, kati ya mita 3.5 na 4.5. Urefu ni zaidi ya maradufu ya hapo. Tofauti hiyo si ya bahati: upana ulifungwa na miti iliyopatikana, urefu uliongezwa kadiri ya haja.

Fundi alizunguka msingi kimya, kisha akauliza swali ninalolirudia tangu siku ile. "Mdogo wangu, kama ukuta ulikuwa wa mawe hadi juu, hayo mawe mengine yako wapi?"

Jibu la kawaida ni kwamba yalichukuliwa kujengea kuta za mashamba na mazizi ya kondoo. Ni jibu la kweli kwa sehemu nyingi, silipuuzi. Ila mawe yakichotwa, msingi hubaki umechakaa, huku juu huku chini, na vifusi vidogo vimetawanyika ndani. Msingi wenye usawa, safu moja au mbili tu, usio na kifusi cha maana, unasema jambo jingine. Mawe yale yaliwekwa hapo ili kitu chenye kuogopa unyevu kikae juu yake.

Mei tena

Visubi. Wadogo kuliko wa kwetu, wabaya mara kumi. Tumeondoka mapema.

Juni

Tulikwenda Torthorwald, karibu na Dumfries, kuangalia nyumba ndogo ya kale yenye paa la nyasi iliyohifadhiwa pale. Ni kati ya chache sana zilizobaki upande huu wa nchi zikiwa na kiunzi cha namna niliyotaka Fundi akione. Waingereza wana jina lake. Sisi tumeamua kuandika kruki.

Kruki ni jozi ya miti iliyopinda. Kila mti huanzia chini, sakafuni au juu kidogo ndani ya unene wa ukuta, ukapanda na kuinama kuelekea katikati hadi ukutane na mwenzake kileleni. Jozi hufungwa kwa mti wa kukingama ili miguu isitanuke. Unasimamisha jozi moja, unaacha nafasi ya mita tatu hivi, unasimamisha nyingine, kisha unalaza miti ya urefu juu yake, makombamoyo, fito, na ezeko. Uzito wote wa paa hushuka kwa miguu ya miti hiyo hadi ardhini. Ukuta haubebi karibu chochote. Kazi yake ni kuzuia upepo.

Hapo ndipo Fundi alipochangamka. Nyumba ya miti na udongo aliyokulia Tanga ina mantiki ileile: nguzo na mtambaapanya ndivyo vinavyobeba, kiambaza ni cha kukandikwa tu, kikibomoka unakandika upya na paa halijui kwamba kuna kilichotokea. Tofauti aliyoiona yeye ni ya fundi, mimi nisingeiona. Mti mmoja mrefu, mnene, wenye mpindo unaofaa ni adimu popote duniani, na Uskoti ya karne ya 17 na 18 ilikuwa na uhaba mkubwa wa miti ya kujengea. Kwa hiyo mafundi wengi waliunga: nguzo fupi iliyonyooka chini, kipande kilichoinama juu, vikaungana begani kwa kulazwa kimoja juu ya kingine na kupigiliwa vigingi vya mbao. Fundi alitazama picha za kiungo hicho kwenye simu yangu muda mrefu. Anasema kiungo cha namna hiyo kikijengwa na mwanafunzi kitafunguka mwaka wa kwanza.

Kwa sababu mti ulikuwa adimu, ulikuwa mali. Mpangaji alipohama, miti ya paa ilithaminiwa, au aliibeba akaenda nayo. Mikataba ya kukodi ardhi mara nyingi ilikuwa ya muda mfupi, pengine mwaka hadi mwaka, na mwenye nyumba inayoweza kuhamwa mwakani hajengi kuta za mawe na chokaa. Anajenga kiunzi kinachobebeka na ukuta unaopatikana bure. Ndiyo maana natoa hoja kwamba nyumba hizi haziwezi kueleweka kwa kutazama mawe peke yake. Zinaeleweka kwa kutazama mkataba.

Kwenye mfano: nimeweka jozi nne za kruki za kuunga. Nafasi kati yake nimeitoa katika vipimo vya msingi, ikagawanyika vizuri bila kulazimisha, jambo lililonipa moyo.

Julai

Kangaga imeota hadi kifuani, misingi yote imemezwa. Hakuna cha kupima. Mmea huu ndio adui mkubwa wa mabaki ya aina hii: mizizi yake hutambaa chini kwa chini, hupenya katikati ya mawe na kuvuruga tabaka za udongo ambazo sheria imezilinda dhidi ya mikono ya watu. Sungura wanafanya yao pia. Na kupe, ambao huku wanaweza kuleta ugonjwa wa Lyme. Suruali ndani ya soksi, hata kama unaonekana kituko.

Agosti

Mwezi huu wote ni ukuta.

Juu ya msingi nimejenga kwa mabamba ya udongo wenye nyasi: unakata ardhi ya malisho kwa jembe bapa, unapata bamba lenye mizizi iliyoshikana, unalipanga juu ya jingine, majani chini. Wengine walipishanisha safu ya mabamba na safu ya mawe. Unene unakaribia mita moja. Ukuta wa namna hii ni mzuri kwa joto, una harufu ya shamba, na unakaa miaka michache tu kabla ya kuanza kulegea.

Unaishia wapi ukilegea? Hili ndilo lililonifanya niuandike mradi huu hadharani badala ya kuuacha kwenye kompyuta yangu. Uliishia shambani. Ndani ya nyumba moto uliwaka sakafuni, katikati, bila bomba la moshi. Moshi ulipanda, ukajipenyeza katika ezeko na katika mabamba ya juu kwa miaka, ukayajaza masizi. Upande wa pili wa nyumba hiyohiyo, chini ya paa hilohilo, walilala ng'ombe. Ezeko la zamani na ukuta wa zamani vilikuwa mbolea bora, na wakulima walijua. Walivibomoa, wakavichanganya na samadi, wakavitandaza kwenye mashamba ya karibu na nyumba, yale yaliyolimwa kila mwaka bila kupumzishwa. Mashamba ya mbali hayakupata kitu zaidi ya ng'ombe kuyalalia kwa zamu.

Kwa hiyo ukuta haukuanguka ukapotea. Ulilimwa. Matuta mapana yanayoonekana hadi leo karibu na vitongoji kama hivi, yale yenye mpindo mrefu wa herufi S iliyogeuzwa kwa sababu maksai wengi waliofungwa kwenye plau moja walihitaji nafasi ya kugeuka, yana vumbi la nyumba ndani yake.

Nimebishana na msomaji mmoja aliyeniandikia kwamba katika karne ya 18 nyumba za mawe na udongo zilikuwa zikienea. Ni kweli. Polmaddy iliishi hadi mwanzoni mwa karne ya 19, na sishangai nikiambiwa jengo fulani pale lilipanda kwa mawe hadi paani. Kinu, kwa mfano, kilipaswa kuwa imara kwa sababu ya mtikisiko wa mawe ya kusagia. Hoja yangu ni ya nyumba hii na zinazofanana nayo: msingi mfupi, sawa, usio na kifusi.

Mlango nimeuweka kwenye ukuta mrefu. Watu upande wa juu wa mteremko, ng'ombe upande wa chini, ili mkojo uteremke kutoka na usiingie jikoni. Hakuna aliyehitaji kitabu kulijua hilo.

Septemba

Tanuri la nafaka, kwa ufupi, maana lina mradi wake siku nyingine. Uskoti hii ya mvua haikukausha oti wala shayiri ya kutosha kwa jua, na nafaka mbichi haisagiki. Tanuri ni shimo la umbo la bakuli lililojengwa kwa mawe, na mfereji mwembamba wa kuingiza joto kutoka kwenye moto uliowashwa mbali kidogo. Juu ya bakuli hulazwa fito, majani makavu juu ya fito, nafaka juu ya majani. Mtu akisinzia, cheche moja inatosha. Ndiyo sababu matanuri hujengwa mbali na nyumba zilizoezekwa kwa nyasi, na ndiyo sababu pia mabaki yake yanatambulika haraka kuliko ya nyumba: bakuli la mawe halikuwa na thamani shambani, liliachwa.

Bustani nayo nimeiongeza nyuma ya nyumba, imezungushiwa ukuta wa mawe makavu. Ilipandwa majani ya jamii moja na sukuma wiki. Fundi alicheka hadi akakaa chini.

Oktoba

Wapi walikwenda? Niliahidi kuandika kuhusu nyumba tu, lakini mtu akifikia hatua ya kuondoa paa kwenye kompyuta swali hilo linakuja lenyewe.

Kuhamishwa kwa watu wa Nyanda za Juu kunajulikana dunia nzima. Sutherland mwanzoni mwa karne ya 19, nyumba zikichomwa, meli za Kanada. Huku chini mambo yalikwenda polepole na kwa karatasi. Galloway ilikuwa imeonja mapema. Mwishoni mwa karne ya 17 Sir David Dunbar wa Baldoon alizungushia ukuta eneo kubwa la kunenepesha ng'ombe wa kuuzwa Uingereza, na baada ya muungano wa Uskoti na Uingereza wa 1707 wenye ardhi wengine wakafuata. Mwaka 1724 wapangaji waliokosa pa kuishi walijikusanya kwa mamia wakaziangusha hizo kuta usiku na mchana, hadi serikali ikatuma askari wa farasi. Ulikuwa upinzani mkubwa wa wazi, na katika Nyanda za Chini haukurudiwa kwa kiwango hicho.

Baada yake ni mikataba. Sheria ya 1695 ilikuwa tayari imewaruhusu wenye ardhi kugawa na kuunganisha mashamba yaliyolimwa kwa vipande vilivyochanganyika. Sheria ya 1770 ikarahisisha mikataba mirefu kwenye mashamba ya kurithi. Muda wa wapangaji wanne au sita ulipokwisha, ardhi yao ikapewa mmoja, mwenye mtaji, mwenye plau mpya nyepesi inayovutwa na farasi wawili. Vibarua waliokuwa na kipande chao cha bustani na haki ya kulisha ng'ombe mmoja hawakuwa na mkataba wowote wa kuvunjwa, kwa hiyo hawakuonekana hata kwenye karatasi. Wakati huohuo miji mipya ilikuwa ikiwangoja: Gatehouse of Fleet, Galloway hiyohiyo, ilikuwa na viwanda vya pamba kabla karne ya 18 haijaisha. Wengine Glasgow. Wengine ng'ambo.

Sijui kama kuhama bila moto ni afadhali. Kwa mtafiti ni vibaya zaidi, maana hakuna aliyeandika barua ya hasira.

Kwenye mfano nimeamua kuonyesha hali tatu zinazobadilishana kwa kitufe: nyumba ikikaliwa, nyumba siku miti ya paa ilipopakiwa, na nyumba ilivyo leo. Hali ya pili ndiyo iliyonichosha, kwa sababu programu ya Blender haina namna rahisi ya kuonyesha ezeko lililorundikwa chini bila kulifanya lifanane na nywele.

Novemba

Kangaga imekauka na kulala, misingi inaonekana tena, na jua la chini la msimu huu linatupa vivuli virefu vinavyofichua hata tuta la sentimita chache. Huu ndio wakati wa kupima, si majira ya joto. Tumechukua picha mpya za pembe ya kusini, ambako data ya Mei ilikuwa na tundu.

Yaliyokamilika: msingi, kruki, ukuta, mlango, bustani, hali ya kwanza na ya tatu. Yanayoendelea: hali ya pili, na sauti (nataka maji ya kijito yasikike, Fundi anataka ng'ombe). Rangi ya ukuta wa ndani bado tunaibishania. Yeye anasema mweusi wa masizi hadi chini. Mimi nasema mweusi kuanzia usawa wa bega kwenda juu, kwa kuwa moshi ulijikusanya darini na watu walikaa kwenye viti vifupi chini yake. Faili la majaribio litapanda wiki ijayo likiwa na rangi zote mbili, mtazamaji achague.